Shemeji Aliyenusa Darubini Yangu

Nilimkuta amepiga magoti mchangani mbele ya darubini yangu, taa nyekundu kichwani, pua imekaribia kugusa kioo.

Ananusa.

Jamani, mtu mzima na akili zake ananusa darubini! Niliganda palepale na chupa ya chai mkononi.

Huyo mtu ni Mundhir, rafiki yangu tangu shule, na sasa mchumba wa dada yangu Zuwaina. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi Yaarub ndiye walii. Bila neno langu hakuna ndoa. Na neno hilo nilitakiwa kulitoa kesho yake mchana, mbele ya mama na wazee wa kina Mundhir.

Nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi na Mundhir tuna ugonjwa mmoja: kupiga picha za nyota. Wenzetu wa Maskati wakienda jangwani ni kwa ajili ya nyama choma. Sisi tunafuata giza.

Tuliagiza darubini mbili ndogo za lenzi, pacha kabisa, urefu wake kama mkono hadi kiwiko. Hizi si za kuvuta sayari moja karibu. Zinachukua eneo kubwa la mbingu kwa mpigo mmoja.

Mundhir ndiye aliyezifuata Dubai. Yangu akaileta nyumbani nikiwa kazini, akamkabidhi mama. Ikakaa chumbani wiki nzima bila kutumika, maana ukinunua darubini mpya tu, mawingu yanatanda. Waulize wapiga nyota wote watakwambia.

Mbingu ilipofunguka tukapita mji wa Bidiya, tukaingia ndani kwenye matuta ya mchanga. Tukazifunga darubini zetu kando kwa kando, zote zimeelekea Kilimia, kile kishada cha nyota zilizosongamana. Kamera za aina moja, muda uleule wa kupiga.

Picha yangu ya kwanza ilipotokea kwenye kompyuta, nikapiga kelele. Kila nyota ya Kilimia imezungukwa na ukungu mwororo wa buluu.

"Mundhir! Njoo uone vumbi la Kilimia! Mpigo mmoja tu!"

Akaja, akatazama. Hata mashaallah hakusema. Akakuna ndevu.

"Hebu lenga kwengine," akasema. "Ile nyota nyekundu pale jirani."

Nikalenga. Nayo ina ukungu. Nikahamia kwenye zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Ukungu mtupu, kama unavyoziona taa za barabarani ukiwa na maji machoni. Vumbi la angani haliwezi kuzunguka kila nyota unayoilenga. Hapo tatizo ni lenzi.

Na picha za Mundhir? Safi. Nyota zimechongeka kama ncha za sindano.

"Umande huo," akasema.

"Umande gani? Mkanda wa joto wa kuzuia umande umewaka tangu magharibi. Gusa uone, kioo kikavu."

"Basi tutaiangalia nyumbani."

Tutaiangalia nyumbani! Hapo shetani akaanza kunichorea ramani. Darubini mbili, mtu mmoja kazibeba. Maboksi kayafungua yeye, eti alikuwa anazikagua. Iliyo nzima iko kwake, mbovu iko kwangu.

Nikamtega. "Tubadilishane kidogo. Nifunge kamera yangu kwenye darubini yako."

"Usiku ushakwenda, yakhe. Kalete chai tunywe."

Kakataa! Mnaona?

Nikaenda garini kuchukua chai. Niliporudi ndipo nikamkuta ananusa. Na mkononi ana kitambaa.

"Unafanya nini hapo?"

Akaruka. "Nafuta mchanga."

"Siku hizi mchanga unafutwa kwa pua?"

Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Sheria ya kwanza ya sisi wapiga nyota ni kwamba chombo cha mwenzio hukigusi bila ya kuomba. Huyu kagusa, kanusa, na kaongopa juu yake.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Kama mimi niliyekula naye sahani moja tangu utotoni kanifanyia hivi, dada yangu atamfanyia nini? Nikafika nyumbani nimeshaamua. Kesho nitasema hapana.

Mchana wakaja. Mundhir, baba yake na ami yake. Na yeye bila haya kaja na sanduku la darubini yake, akaliweka pembeni mwa langu. Eti tukimaliza mazungumzo tuzilinganishe.

Nikajisemea, utalinganisha na nani, bwana.

Kahawa ikazunguka, halua ikaliwa. Nikatikisa kikombe kuonyesha kuwa imetosha, nikakohoa.

"Nina neno," nikasema.

Kabla sijaendelea, mama akaingia na chetezo kinafuka ubani. Akawafukiza wageni mmoja mmoja, ndevu na nguo. Nikasubiri amalize atoke.

Hakutoka. Akaenda pembeni, akapiga goti, akalifungua sanduku la Mundhir, akaitoa darubini. Akaushika mfuniko wa mbele, akauzungusha kwa ustadi kama kazi yake ya kila siku.

"Mama, unafanya nini?"

"Naifukiza. Ya kwako si niliifukiza wiki ile yote iliyokaa ndani, kila magharibi? Kitu kipya, na majirani wana macho hao! Nilikuwa naifungua mdomo moshi uingie vizuri. Sasa zamu ya mwanangu Mundhir, au yeye hana mahasidi?"

Mundhir aliruka kutoka alipokaa, akaudaka mfuniko. "Mama, yangu haina haja! Baraka za ile zimeshaifikia!"

Mimi nikaivuta darubini yangu, nikaifungua na kuinusa mbele ya wazee wote. Ubani mtupu. Nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nikaona utando mwembamba wa moshi umeganda juu ya kioo.

Nikamvuta Mundhir kando. "Ulijua?"

"Harufu niliisikia tangu tulipokuwa tunaifunga. Baadaye nikanusa nihakikishe."

"Mbona hukusema?"

"Nikwambie mama ndiye kaichafua? Kwa mdomo wako huo? Ungempigia simu usiku uleule umtoe usingizini." Akanionyesha kichupa cha dawa ya kusafishia lenzi mfukoni. "Nilitaka niisafishe leo kimyakimya, yaishe."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Yaarub," mama akaita. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kwani nimeiharibu?"

Nikamtazama na chetezo chake mkononi.

"Hapana, mama. Inanukia tu."

Baba yake Mundhir akaweka kikombe chini. "Ulisema una neno, mwanangu."

Nyuma ya pazia, bangili za Zuwaina zikanyamaza.

"Ndiyo, mzee. Nataka harusi iwe usiku wa mwezi mpevu."

"Kwa nini mwezi mpevu?"

"Usiku wa giza bwana harusi hatutampata. Atakuwa jangwani."

Wazee wakacheka mpaka ami mtu akapaliwa na halua. Nyuma ya pazia kikapigwa kigelegele kimoja, na mpaka leo Zuwaina anaapa kuwa si yeye.

Lenzi tuliisafisha, iko sawa. Ile picha ya kwanza ya Kilimia sikuifuta. Niliichapisha, ipo ukutani chumbani kwa mama. Wageni wakimuuliza ule ukungu ni kitu gani, anawajibu kuwa ni nuru, na mimi nakaa kimya.

Nawe unayenisoma, kitu chako kikiingia doa usikimbilie kumsaka anayekuonea kijicho. Anza kwa anayekupenda, umuulize taratibu alikifanyia nini.