Nilimfuta Mke Mwenzangu Kwenye Foto

Kosa ni langu mwenyewe. Hakunituma mtu, wala shetani simsingizii. Nilikaa kitini, nikanywa chai yangu, nikamfuta binadamu mwenzangu.

Marehemu baba alisoma Urusi enzi za Wasovieti, akarudi na kitabu kikubwa cha foto za huko, za kabla ya vita kuu ya pili: viwanda, mabwawa, minara ya chuma. Ndicho kilichonifundisha kazi. Piga kutoka chini, aliniambia, mfanyakazi aonekane mrefu kuliko mtambo. Ukurasa mmoja ulikuwa na viongozi wamejipanga, katikati pengo.

"Huyu aligombana na wakubwa, wakamtoa humo kama hakuzaliwa," baba alisema. Yeye alisikitika. Mimi nikajifunza.

Gesi ilipopatikana huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, kampuni ikaniajiri Palma kupiga foto. Vijana wa mitambo niliwapiga kutoka chini vilevile, mbingu nyuma yao, wakapendeza ajabu. Kisha nikatumwa vijiji vya ghuba ya Tungue vilivyokuwa vihamishwe kupisha mitambo. Kila mwenye nyumba alisimama mlangoni pake, na foto hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi wa kupewa nyumba mpya.

Kwenye mlango mmoja alisimama Atija, mke wa pili wa mume wangu. Kwa ajili yake niliondoka kwa hasira nikahamia mjini, na binti yangu Mwanasha akabaki analelewa na yeye. Atija alikuwa amejifunga kitenge kipya, Mwanasha kando yake. Akaniambia, "Dada, nipige vizuri."

Dada! Roho yangu ikachemka.

Ofisini nikamfuta kwenye kompyuta, nikapaka ukuta mahali pake. Nyumba yake ikaandikwa kuwa ghala la mume wetu. Nilicheka peke yangu, tena sana.

Siku ya kuhama nilikuwepo na kamera yangu. Yakasomwa majina ya wanaopewa nyumba, la Atija halikusomwa. Alipolalamika, karani akashika foto akamwambia, "Mama, humu sikuoni."

Mwanasha akaichukua ile foto, akaitazama, akanigeukia mbele za watu. "Mama, hapa mkono wangu umeshika nini?"

Alikuwa ameshikana mkono na Atija. Vidole vyake niliviacha vimekunjwa hewani.

Atija hakunitukana, angenitukana ningepumua. Alifunga mzigo wake kwenda kwao Diaca, na mwanangu akamfuata. Nikamwita, "Rudi, mamako ni mimi."

"Najua," akasema, akaendelea kwenda. Baba yake hakumzuia.

Kusema kweli, Atija bado simpendi. Nilitaka aumie, akaumia, na sikupata raha hata ya siku moja. Wewe mwenye kamera, au kalamu, au muhuri wa ofisi, siku adui yako akiletwa mbele yako mwite mwenzako amhudumie. Ukitaka kugombana naye, mgombane njiani kwa midomo, watu wawasikie.

Huko Diaca, nasikia, Mwanasha akiulizwa mama yake ni nani, humtaja Atija.