Sufuria Saba za Bombambili

Nakumbuka siku nilipobandika kibao cha mgahawa wangu pale Bombambili, mjini Songea. Watu walisimama wakakisoma, wakaniambia nitafunga kabla mvua hazijaisha. Fundi baiskeli wa jirani ndiye aliyekuwa na maneno makali. "Huyu katoka Nairobi na stashahada anakuja kutuuzia majani," alisema. "Mbuzi wangu wanayala bure." Jina likanibaki: Bwana Majani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwanangu, bidhaa zilipoanza kurudi madukani na kila mtu alitaka kufungua kitu. Mimi nilikuwa nimebeba mizigo Nairobi mchana na kusoma upishi jioni, mpaka nikapata stashahada bila msaada wa mjomba wala shangazi. Na sikurudi Songea mikono mitupu. Nilikuja na mbegu za mrehani, giligilani na nanaa zimefungwa kwenye kitambaa, nikazipanda katika makopo ya mafuta nyuma ya nyumba. Nilipika kuku kwa nyanya na mrehani kama Waitalia, dengu kwa giligilani mbichi kama Wahindi, na samaki wa Ziwa Nyasa kwa mchaichai na tui la nazi, kama wanavyopika Thailand. Wiki ya tatu fundi baiskeli alikuja kula, akakaa akitazama ukuta ili asionekane. Sikumcheka. Nilimwongezea mchuzi.

Lakini nilikuwa na sufuria kubwa moja tu. Nilipopata kazi ya kupika kwenye sherehe ya kipaimara, niliazima sufuria saba kwa akina mama wa mtaani. Watu walikula wakalamba vidole. Kesho yake nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni: nilizisugua sufuria zote kwa mchanga na majivu mpaka masizi ya miaka mingi yakatoka, nikazirudisha zinang'aa, nikijiona mstaarabu kuliko mtaa mzima. Akina mama walizipokea, wakashukuru kwa sauti ndogo, wakafunga milango.

Mwezi uliofuata, mwalimu mmoja mgeni aliyehamia mjini kwetu alinipa kazi ya kupika kwenye harusi ya binti yake. Wageni mia mbili. Nikiiweza kazi ile, Songea nzima itanijua. Nikishindwa, kibao nitakishusha mwenyewe na fundi baiskeli atanitazama nikikishusha. Siku nne kabla ya harusi, iliyopangwa Jumamosi, nikapita tena kuazima. Mama wa kwanza alisema sufuria yake imekwenda msibani Mpitimbi. Wa pili alisema yake inavuja. Wa tatu alidai ameloweka mahindi ya togwa, nami nikaiona sufuria yenyewe juu ya kichanja, kavu kabisa. Nyumba sita, majibu sita ya namna hiyo.

Ya saba ilikuwa ya Mama Komba, bibi aliyeuza mboga sokoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuacha kazi yake. Alikuwa akimenya majani ya maboga, anavuta nyuzi moja moja kwenye vikonyo. Nikamuuliza nimewakosea nini.

"Sufuria yangu uliirudisha na nini ndani?"

"Haikuwa na kitu, Mama. Niliiosha."

"Ndiyo. Wajukuu niliwaambia wasile, leo sufuria yetu inarudi na mapishi ya ng'ambo. Wakakaa mlangoni kusubiri. Ikaja inang'aa." Akavuta uzi mwingine. "Shule yako imekufundisha kuosha sufuria, baba. Kuirudisha haikukufundisha."

Mwanangu, nilizaliwa na kukulia hapahapa. Mama yangu hakuwahi kurudisha hata kikombe cha jirani bila kutia karanga au chumvi kidogo ndani yake. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Sijui nililidondosha wapi katika safari zangu.

Asubuhi yake nilipita nyumba zote saba. Sikutaja harusi. Niliomba sufuria kwa siku moja tu, nizirudishe upya, kwa kuwa mara ya kwanza sikuzirudisha. Mama Komba alicheka akashika kiuno. "Yaani unaazima ili urudishe?"

"Ndiyo, Mama."

Akanipa sufuria, na juu yake fungu la majani ya maboga, kwa kuwa kwa kila mmoja niliomba pia mboga ya bustani yake. Ya kwake niliipika kwa karanga zilizotwangwa na mchaichai. Mnavu wa mwingine niliukamulia ndimu nikaunyunyizia giligilani. Njegere zikapata nanaa, uyoga ukapata mrehani. Jua likiwa bado juu, nikaanza kuzipeleka, moja moja, mikononi mwangu. Safari saba, mtaa mzima ukitazama. Mama Komba alifunua, akanusa, akawaita wajukuu kwa majina. Nilipokuwa nageuka kuondoka ndipo aliposema, "Jumamosi niite mapema. Nyuzi za majani ya watu mia mbili huziwezi peke yako."

Kwenye safari ya saba fundi baiskeli aliacha kujaza upepo. "Bwana Majani," alisema, "na sufuria yangu utaiazima lini?"

Harusi ile bado wanaisimulia, na wana haki. Lakini siku ninayojivunia mimi ni ile ya safari saba, siku niliyomaliza kumrudishia kila aliyeniazima.

Kwa hiyo nakuusia hivi, mwanangu. Jifunze mapishi ya dunia nzima, upate na cheti ukitundike ukutani, wala usione haya kujisifu ukikipata kwa jasho lako. Ila mboga uianzie bustanini kwa jirani, na chombo chake kirudi kwake na kitu ndani, hata kama ni konzi ya mchicha. Mungu aibariki mikono yako, moto wako usikose kuni, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu anayetabasamu.