Jumamosi Ukumbi Ulipohamia Shimoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Shinyanga mjini, msimamizi wa ukumbi alinikabidhi karabai na kitambaa. "Ukivunja kioo, usirudi," akasema. Karabai ni taa ya mafuta unayoijaza upepo kwa pampu mpaka iwake nyeupe. Ukiizidishia, inakulipukia usoni. Niliunguza nyusi kabla hatujazoeana. Baadaye nikafundishwa kapi, kigurudumu kinachopitisha kamba ya pazia. Wakulima wa pamba na wafugaji walikuja pale kucheka, kutambiana na kutafuta wachumba.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikahamishiwa ukumbi wa mgodi mmoja wa dhahabu, upande wa Geita. Bosi wangu huko tulimwita Bwana Ustawi, Mzungu mpole wa sauti aliyesimamia starehe za wafanyakazi. Kila Jumamosi alasiri vikundi viwili vya ngoma ya Kisukuma vilishindana. Vilicheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji walihamia kilikowanogea. Chenye watu wengi ndicho kilichoshinda. Kabla ya kuanza, manju, yaani kiongozi wa kikundi, aliwaita wachezaji wake kwa majina. Aliyeitwa alijibu kwa kupiga mguu chini, njuga zikalia.

Wiki moja shimo likaporomoka. Nyapara akatangaza kwamba ndani hamkuwa na mtu. Watu watatu waliokosekana, alisema, walikuwa wametoroka na dhahabu. Mama Kulwa, mke wa mmoja wao, akaja ukumbini.

"Baba, mume wangu kaacha njuga zake nyumbani," aliniambia. "Mchezaji gani anahama bila njuga?"

Nilimpeleka kwa Bwana Ustawi. Alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaniagiza nipambe jukwaa kuliko siku zote. "Jumamosi wakicheza, watasahau," alisema. Nilimchukia siku ile, na bado namchukia.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Manju mmoja akaanza kuita, njuga zikamjibu, mpaka alipofika kwenye jina la mume wa Mama Kulwa. Kimya. Akaita la mwenzake, akaita la yule wa tatu. Kimya.

"Hawa wangu hawajawahi kukosa ngoma," akasema. "Wako chini."

Hapo manju wa upande wa pili alikuwa na nafasi ya kupiga ngoma na kuwavuta watu wote kwake. Aliiweka chini, akavuka na kikundi chake kizima, wakasimama upande wa mahasimu wao. Sijaona tena jambo kama lile. Bwana Ustawi akanifokea nishushe pazia. Nilishusha, lakini manju wote wawili walikuwa wameshatoka mlangoni, na ukumbi mzima nyuma yao, kwenda kuchukua majembe.

Walichimba mpaka Jumapili. Wawili walikuwa wameshaanza kuharibika. Mume wa Mama Kulwa alikuwa amejikunja kwenye upenyo, na mimi ndiye niliyemmulikia mkewe. Alimshika shingoni.

"Bado ana joto," alisema.

Manju aliyeita majina alifukuzwa kazi. Bwana Ustawi alihamishwa, akapandishwa cheo. Mimi niliendelea na kapi langu mpaka nikastaafu, na vijana wanaponiuliza habari za nyimbo na vichekesho, nawasimulia, maana vilikuwepo na vilikuwa vizuri. Lakini wakiuliza ukumbi ulitusaidia nini, nawatajia Mama Kulwa. Ulimwezesha kuzika mume asiyeitwa mwizi. Tungekwenda kuchimba bila kuisubiri Jumamosi, asingemzika.