Karatasi Iliyoandikwa Presha

Kwetu ukifa ghafla, umekufa na presha. Hata kontena likikuangukia, kuna mtu atakohoa pembeni aseme, "Lakini pia alikuwa na presha." Mama mkubwa, dada yake mama, hakuwa na presha. Alikuwa na kibanda cha udi na kuni za kufukizia pale Nakivubo mjini Kampala, sauti ya kuita wateja kutoka mtaa wa pili, na kiganja ambacho shavu langu lilikifahamu vizuri. Alikufa Alhamisi moja alasiri, katika chumba chetu cha nyuma, na karatasi yake inasema presha.

Ngoja nieleze hicho chumba. Tunakaa nyumba za polisi, Nsambya. Dada yangu alikuwa anaolewa, na kwetu Wanubi bibi harusi haendi kwa mumewe akinuka sabuni ya kipande. Siku kadhaa anakalishwa juu ya moshi wa kuni za mgunga, amejifunika blanketi, mpaka ngozi ing'ae na harufu iingie mpaka kwenye mifupa. Bibi zetu walifanyia uani, nyuma ya mikeka, upepo ukipita. Kambini ua ni wa wote, na watoto wa askari wanachungulia kuliko baba zao wanavyopeleleza. Kwa hiyo mama mkubwa aliingiza sigiri mbili za makaa chumbani, akaziba dirisha kwa gunia, akasokota khanga chini ya mlango.

"Moshi wangu hautoki hata kwa dhamana," alisema, akaingia peke yake kuandaa chumba. Dada alikuwa barazani bado anasukwa. Alipokwenda kumwita, alimkuta amelala ubavu kama mtu aliyejinyoosha kidogo. Hakuamka.

Kisheria mtu akifa hivyo, polisi wanaandika, maiti inakwenda mochari, daktari anatazama. Na polisi tunaye, baba mwenyewe, anakula posho na maharage meza moja na sisi. Lakini ni mtu wa kaskazini, tena Mkristo peke yake nyumba nzima, na tangu amwoe mama, shemeji zake wanamngojea akosee. Mjomba mkubwa alimwambia mbele ya watu wote, "Afande, dada yetu hapasuliwi. Au ndiyo dini yenu?"

Baba, ambaye amewahi kukimbiza majambazi bila kofia ya chuma, alitoa kalamu. Kifo cha kawaida, presha, familia haina shaka. Asubuhi tulizika.

Jumamosi moja, harusi ikiwa imesogezwa mwezi mzima, alikuja daktari. Mwanamke mwembamba, viatu vya vumbi, faili kwapani. Alijieleza taratibu: kazi yake ni kuchunguza maiti, na sasa anafanya utafiti wa watu wanaofia majumbani ghafla. Majina anayapata kwenye taarifa za polisi. Mama alimpa chai. Mjomba alimpa mgongo.

"Mumeshamzika, sikuja kumfukua," daktari alisema. "Nina maswali tu. Alilalamika kichwa? Kizunguzungu?"

"Presha," mjomba alisema, akiuambia ukuta.

"Alikuwa anatumia dawa za presha?"

"Presha ya ghafla."

Nilicheka. Mama alinitazama kwa jicho la 'nitakukuta jikoni'. Lakini mimi ndiye niliyebeba zile sigiri mpaka mlangoni, na tulipoingia kumtoa, dakika chache tu mle ndani, kichwa kiligonga kama ngoma ya matarumbeta. Nikasema. Nikasema na gunia, na khanga chini ya mlango. Daktari akaandika haraka. Kisha akauliza aliyemuosha marehemu aliona nini.

Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa kati ya waoshaji, alifurahi kuulizwa. Mwoshaji hasemi baya, ila zuri anaruhusiwa. "Daktari, mimi nimeosha watu wengi. Huyu alikuwa na nuru! Viganja vyekundu, midomo na kucha vyekundu, kama bibi harusi mwenyewe. Mwisho mwema, wallahi."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Makaa yakiwaka chumba kilichozibwa yanatoa hewa ya sumu," alisema. "Haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia tu. Baadhi ya waliokufa hivyo wanakuwa na wekundu huo."

"Kwa hiyo ndiyo iliyomuua," nikasema.

"Inaweza kuwa."

Inaweza kuwa! Nilitaka kumrushia mto. Jumatatu dada yangu alikuwa anaingia chumba kile kile, gunia lile lile, na mtu pekee mwenye akili timamu sebuleni anasema inaweza kuwa.

"Sina damu yake," alisema, na sasa hata yeye alikuwa na hasira, nilimwona akikunja pembe ya faili. "Kijiko kimoja cha damu kutoka pajani, kwa sindano, bila kisu, ningewapa jibu. Nyumba tano zikifiwa hivi, kila moja inafikiri ni mkosi wake. Nikiwa na majibu matano kwenye karatasi, wizara itanisikiliza, redio itasema, kila mtu Kampala atajua kufungua dirisha. Nikienda na presha tano, nitaambiwa watu wapunguze chumvi."

"Chumvi kweli inazidi," mjomba alisema.

Daktari alituomba tufungue dirisha, akaenda zake. Mjomba akatangaza kwamba moshi ni mila, na mila haijaua mtu. Nilimwambia hakuna anayegombana na mila, tunagombana na gunia. Nikaitwa mtoto wa zama hizi. Nikaenda kwa dada mwenyewe; akaniambia nina wivu kwa sababu mimi nitaolewa na mzee wa pikipiki. Kusema kweli, kutoaminiwa huko nilikupanda mwenyewe. Mwaka jana nilitangazia kambi kwamba maji yanakatwa siku tatu, watu wakajaza mpaka vikombe vya kunywea dawa, na hayakukatwa hata saa moja. Nani ataniamini?

Jumapili nzima nilisema ukweli nikapata makofi mawili na kuosha sufuria zote. Ilipofika alasiri nilichoka. Nikasimama mlangoni pa chumba cha nyuma, nikajishika kifua, nikasema kwa sauti ya kutetemeka, "Nimemsikia mama mkubwa anakohoa mle ndani."

Robo saa haikupita. Gunia lilitolewa, sigiri zikatolewa, mjomba mwenyewe alisoma dua kizingitini huku mguu mmoja uko nje. Jumatatu dada alifukizwa uani, nyuma ya mabati na mikeka, upepo unapita, watoto wanachungulia. Alitoka amependeza, mzima kabisa, ananinunia. Na mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye. Daktari kasoma miaka yote hiyo, hawakumsikia. Mimi nimekohoa uongo mara moja, wamehamisha nyumba.

Wiki iliyofuata simu ya mama ililia, nikapokea mimi. Alikuwa binamu yake wa Kyebando. Binti yake naye anaolewa. Anataka kuazima sigiri.

"Mtafukizia wapi?" nikauliza.

"Chumbani. Nimeshaziba vizuri."

"Mama, fungua dirisha. Makaa yana sumu."

"Huko kwenu kuna jini, mwanangu, tumesikia. Huku kwangu hakuna aliyefia."

"Hakuna jini! Nilidanganya mimi!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe na mizaha yako. Karatasi ya daktari imesema hiyo sumu? Soma nisikie."

Karatasi tunayo, iko kabatini chini ya vyeti vya shule. Najua ilivyoandikwa. Yeye akaanza kuniuliza matokeo ya mtihani.

Baba alikuwa mezani, kavaa suruali ya kazi na fulana, anapiga pasi shati. Nilidhani hasikii. Aliisimamisha pasi.

"Lete simu."

Nikampa. Akajinyoosha kama yuko gwaride.

"Dada, ni mimi. Ile karatasi niliandika mimi. Hakuna daktari aliyemtazama. Niliogopa maneno ya watu, nikaandika presha. Toa hilo gunia leo."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kisha nikamsikia binamu wa mama, safari hii bila kicheko, sauti ndogo ikitoka kwenye simu:

"Basi alikufa na nini, Afande?"

Baba alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

"Hatujui," akasema. Mtandao ulikuwa mbaya, ikabidi arudie kwa sauti.