Salamu Hazimo Kwenye Ratiba

Wananiita kichwa kigumu, na sibishi. Nilizaliwa Munanila, nimekuwa mkunga kituo cha afya Kasulu miaka mingi, lakini safari ya kwenda kutibu watu bure vijijini ndiyo kwanza nilikuwa nimechaguliwa. Tulikuwa twende Mabamba, kule Kibondo mpakani. Niliitaka safari ile mpaka usingizi ukanikimbia.

Siku moja kabla ya kuondoka tulikuwa stoo tukifunga maboksi: glovu, dawa za minyoo, mashine za presha. Kiongozi wetu, daktari kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, akabandika ratiba ukutani. Kila mgonjwa dakika tano. Nikaisoma mara mbili, nikamuuliza salamu ameziweka wapi. Akacheka, akasema salamu ni habari, mgonjwa anajibu nzuri, kazi inaanza.

Thubutu! Kwetu Uha huanzi na ugonjwa. Unainama, unapiga viganja polepole, unauliza wameamkaje, watoto, wazee, maharage shambani, na mwenzio anakuuliza hayo hayo. Ukimrukia mama wa watu na maswali ya ugonjwa, atakujibu haumwi kitu, na atarudi nao nyumbani. Nilimweleza hayo taratibu, kisha kwa sauti ya juu, maana mori ulishanipanda. Akaniambia mbele ya wenzangu kwamba watu watakuwa wengi, na kama siwezi kuacha maongezi nibaki Kasulu, atatafuta mkunga mwingine. Iliniuma. Hata hivyo nikamwambia siachi.

Ili kumaliza ubishi akataka tufanye jaribio. Akamwita mama anayetufanyia usafi na kutuchemshia chai, akamketisha, akaweka simu mezani ihesabu muda. Alimwomba ajibu kama vile amekuja kutibiwa. Habari? Nzuri. Unaumwa nini? Siumwi, daktari. Homa? Hapana. Tumbo? Hapana. Daktari akanigeukia akitabasamu, akasema hata dakika moja haijaisha.

Nikaomba zamu yangu. Nikainama mbele ya yule mama, nikapiga viganja, nikamwamkia kwa Kiha: mwakeye, yaani mmeamkaje. Akashtuka, akanyanyuka nusu, naye akapiga viganja. Tukaulizana ya nyumbani, ya mahindi, ya binti yake aliyeolewa Buhigwe. Simu ililia, daktari akaizima. Mimi sikumtazama. Nilipomuuliza mwili wenyewe umeamkaje, mikono yake ikasimama.

"Natokwa na damu," alisema kwa Kiha. "Siku zangu zilishakoma zamani, lakini natokwa na damu tangu mvua za kwanza."

Nikatafsiri. Daktari akauliza kwa nini hakusema, na kila siku yuko hapa hapa na sisi. Yule mama akajibu bila hasira kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza ameamkaje halafu akasubiri jibu.

Hata mimi sikuwahi kumsubiri. Kila asubuhi nilikuwa nikimpita na shikamoo ya mbio mbio, nikipokea kikombe cha chai huku natembea. Mimi, Muha wa Munanila, mwenye mdomo mrefu kuhusu salamu. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Daktari akaanza kusema gari linaondoka alfajiri, mama atapimwa tukirudi. Nikakalia boksi la mwisho, lile la dawa.

"Gari haliondoki mpaka huyu mama apimwe," nilimwambia. "Kama ni kuniacha, niache."

Hakuniacha. Kulipokucha tulimpeleka hospitali sote wawili, wakampima, wakamlaza siku ile ile, wakasema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Mabamba tulifika jua limeshapita utosini, watu wamejaa wanatusubiri. Daktari alishuka wa kwanza. Akainama, akapiga viganja haraka haraka kama yuko harusini. Kina mama wakamcheka mpaka wakafuta machozi, kisha mmoja akasogea, akampigia viganja polepole, na daktari akasubiri.