Mgeni wa Kiti Kitupu

Sitaapa, kwa sababu mama hapendi tuape kwa jambo dogo wala kubwa. Lakini haya ninayokuandikia niliyaona mwenyewe, tena mchana kweupe, jua likiwa utosini. Wengi hudhani mambo haya ni ya usiku. Sisi wa pwani tunajua kuwa adhuhuri nayo ina wenyewe.

Mimi huandika polepole. Shule niliishia ya msingi, na hata kuzungumza mbele za watu kunanipa shida. Nikikosea mahali nivumilie, ila usiniambie nilikuwa nimelala nikaota. Unadhani mtu anayefukuza ng'ombe juani hupata usingizi?

Kwetu hasa ni Langoni, Lamu mjini, lakini tangu baba afariki tunakaa Kililana, kwenye shamba la simsim la mama. Kando ya shamba kuna uwanja wa ndege wa udongo. Ndege kubwa haziji huku, zinazokuja ni zile ndogo za watu wawili au wanne. Kazi yangu ni kuuweka uwanja wazi. Ndege ikikaribia naondoa ng'ombe, punda na ngiri, kisha natazama kama mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo haujajisokota kwenye mlingoti wake. Ni kazi iliyonifaa, maana ng'ombe hawakuulizi mbona huongei.

Dada yangu Zuhura alikuwa akisomea urubani Malindi. Leseni ya kwanza, ile ya kujirushia mwenyewe tu, alikuwa nayo. Alichotafuta sasa ni leseni ya kazi, ya kubeba abiria, na hiyo haipatikani kwa kitabu peke yake. Lazima urundike saa za kuruka, saa juu ya saa, mpaka zitimie. Chuo chao kilikuwa na sheria moja kali. Saa zile mwanafunzi aruke peke yake. Akibeba mtu, awe ndugu au rafiki, saa hazihesabiwi na yeye anarudishwa nyumbani.

Akija likizo tulisoma pamoja. Nikikumbuka jioni zile, moyo hunilegea. Zuhura alikaa juu ya kigoda jikoni, mwiko wa ugali mkononi ndio usukani, sinia tatu za mama zimeegemezwa ukutani ndizo saa za mbele ya rubani. Mimi nilishika karatasi za maswali. Ukiona wingu limejenga mnara, ufanye nini? Injini ikizima ukiwa juu ya bahari? Nilisoma kwa kudondoa neno moja moja, naye alingoja. Hakunihimiza hata siku moja. Akisema, "Nawe mdogo wangu, ukisoma taratibu hivyo ndege imeshaanguka," sote tulicheka, na mama akapiga kelele kutoka uani arudishiwe mwiko wake, watu wana ndaa.

Basi ili nisimcheleweshe, nilikuwa nachukua karatasi zile kwenda nazo kibandani kwangu pale uwanjani, nijifundishe kuzisoma kabla yeye hajafika. Siku moja adhuhuri nimekaa humo nasoma kwa sauti. Upepo umekufa kabisa. Nikasikia nje, "Hodi."

Mara moja tu. Watoto wetu wote hufundishwa kwamba hodi ya adhuhuri haiitikiwi mpaka irudiwe, kwa sababu binadamu hurudia. Nami nilifundishwa. Lakini wewe niambie, mtu akibisha mlangoni kwako jua likichoma vile, ulimi unangoja? Kwetu Lamu neno lile hutoka lenyewe. Nikasema, "Karibu."

Akaingia kijana wa rika la Zuhura, mtu wa bara kwa sura na kwa lafudhi, shati jeupe lililopigwa pasi. Mabega yake hayakuwa na kitu, ile mistari ya rubani haipo. Nilimpa kigoda akakaa. Hakuwa na jasho. Halafu, niamini, niliona ukosi wa shati lake unapeperuka. Nikatazama nje, mfuko wa upepo umening'inia kama kitambaa kilichofuliwa. Nikamtazama tena, ukosi unapigapiga shingoni kama wa mtu aliyetoa kichwa dirishani, na baridi ikinijia kutoka kwake.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi niliona haya kumwacha mgeni amekaa peke yake.

Aliniomba nimsomee maswali. Nikasoma, naye akajibu yote, taratibu, akiningoja kama dada alivyoningoja. Kwa kweli nilimpenda. Akaniambia amebakiza kidogo sana kutimiza saa zake, safari moja tu, kisha angevaa mistari aende nyumbani kumwonyesha mamake. Akauliza nani anakuja kuruka hapa. Nikamwambia, dada yangu, kesho.

"Ana kiti kitupu?" akauliza.

"Kipo," nikajibu. "Karibu."

Ndiyo, nilirudia neno lile. Sisi tukimpa mtu kigoda, hatumnyimi kiti.

Kesho yake Zuhura akaja na mwalimu wake, Mwalimu Mutiso, mtu wa Machakos, mpole akiwa chini na mkali akiwa angani. Mwalimu aliteremka akasimama nami kando ya uwanja, Zuhura akaruka peke yake, azunguke na kutua, azunguke na kutua. Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili, ndege ilipopita mbele yetu chini chini, niliona vichwa viwili. Kimoja cha Zuhura, na kitambaa chake. Cha pili upande wa kulia, kimeinama kidogo, kama mtu anayesoma saa za mbele.

Mwalimu naye aliona. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Zuhura alipozima injini, ndani alikuwa yeye peke yake. Mwalimu alitafuta hadi nyuma ya viti, akazunguka vichaka vyote, kisha akamwambia dada kwa sauti ya chini kwamba hajui amemteremshia wapi huyo mtu, lakini yeye si kipofu. Kesho ndiyo safari yake ndefu, ya mwisho. Angetoka Malindi, atue hapa, aruke tena hadi uwanja mwingine, kisha arudi. Mwalimu angekuwa hapa amesimama. Akiona kichwa cha pili, dada asihangaike kurudi chuoni.

Zuhura aliniangalia. "Mdogo wangu, mwambie. Kuna mtu nilimpakia?"

Nilitaka kusema. Ningesema nini, kwamba abiria nilimkaribisha mimi? Nikatikisa kichwa tu, na mwalimu akachukulia kwamba namficha.

Kabla hawajaondoka, dada alinivuta pembeni akaninong'oneza kuwa kile kiti cha kulia kilikuwa baridi, na kwamba kila alipogeuza ndege alisikia mtu akivuta pumzi ya furaha. Hakuwa amewahi kuogopa kuruka. Siku ile aliogopa.

Niliporudi nyumbani mama aliona sijala. Nikamwambia nina mgeni kule kibandani, hataki kuondoka, nami sijui kumfukuza. Sikumwambia ni mgeni gani. Mama alikuwa akipepeta simsim, hata hakuinua uso.

"Mgeni wako huyo ana siku ngapi?"

"Kesho ni ya tatu."

"Basi wataka nini? Siku ya tatu mpe jembe. Au wewe ni Mwamu wa wapi, huyajui hayo?" Akacheka peke yake. "Akiwa mvivu ataiona ndia. Akiwa si mvivu, mlete hapa anipepetee."

Mama alikuwa anatania, lakini mimi usingizi ulinipaa. Methali ile sisi Waamu, watu wa Lamu, tunaisema kila siku kwa mzaha. Je, kuna mtu aliyewahi kuijaribu kwa mgeni wa namna yangu?

Siku ya safari, Zuhura alitua salama, kiti cha kulia kitupu, maana mgeni alikuwa nami kibandani tangu jua lilipopanda. Alikuwa amefurahi. Alijipangusa shati lisilo na vumbi. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mlingoti, mikono nyuma, macho kwenye ndege. Dada aligeuza ndege mwisho wa uwanja, tayari kuruka. Hapo ng'ombe wa jirani wakaingia katikati, kundi zima, wakasimama.

Nilichukua fimbo yangu. Mgeni naye akainuka, aelekee kwenye ndege. Nikasimama mlangoni. Mimi, ninayeshindwa kumwambia muuza duka kwamba amenirudishia pungufu, nikamnyooshea fimbo ile.

"Kaka, leo ni siku yako ya tatu kwetu," nikasema. "Ng'ombe wameingia uwanjani. Waondoe."

Akaitazama fimbo. "Mimi ni rubani."

"Najua."

"Nikiwaondoa, nitapanda?"

Ilikuwa rahisi kumdanganya. Neno ndiyo lilikuwa hapa mdomoni. Lakini alikuwa amenisikiliza nikisoma, na hakunicheka.

"Hapana," nikamwambia. "Yeye ataenda peke yake. Wewe utamfungulia njia."

Ukosi wake ukaacha kupeperuka, mara ya kwanza tangu nimjue, ukalala shingoni kama wa mtu mwingine yeyote. Kisha akachukua fimbo akatoka. Nilipochungulia sikumwona. Niliona ng'ombe wameinua vichwa kwa pamoja, wakageuka, wakaondoka kwa mstari mnyoofu hadi kwenye majani, na nyuma yao vumbi dogo likitembea. Ndege ikaja kwa kasi, ikatuacha. Kichwa kimoja. Mwalimu aliifuata kwa macho hadi ikawa kama nzi, ndipo akashusha pumzi.

Siku nyingine nilijikaza nikamsimulia mwalimu yote. Nilidhani atanicheka, watu wa bara hutucheka kwa mambo haya. Akaniuliza mabega ya yule kijana yalikuwa na nini. Nikasema hayakuwa na kitu. Ndipo akaniambia kwamba zamani alikuwa na mwanafunzi aliyetoka kwa safari yake ya mwisho kuja upande huu, na hadi leo hakuna aliyemwona, yeye wala ndege. Tangu hapo, kila akija, kabla ya kupanda huelekea uwanjani akainua mkono.

Zuhura alipata leseni. Picha yake iko sebuleni, mistari mabegani, na mama humwonyesha kila anayekuja kununua simsim. Siku hizi anarusha watu mbali, tunamwona mara chache. Mwiko umerudi jikoni, sinia zimerudi kabatini. Wakati mwingine jioni namkuta mama amekaa kimya, nami najua tunasikiliza kitu kimoja.

Dada alinitafutia kazi Malindi, kazi nzuri, ya ndani, ya kusafisha ndege. Sikwenda. Hakunielewa, na sijui kama ataelewa akisoma haya.

Maana mgeni wangu yupo bado. Ndege ikisikika tu, ng'ombe huondoka wenyewe, kabla sijainuka. Marubani wanasifu kwamba hakuna uwanja safi kama wetu. Kila adhuhuri natoka nje nasema, "Basi, kaka, pumzika," na vumbi linatulia. Mara nyingine huniuliza, sauti ikiwa karibu na sikio, kama dada amefika salama. Namjibu amefika. Kuhusu saa zake mwenyewe haulizi tena. Laiti angeuliza.

Mwaka jana nilivuka kwenda Langoni, arusi ya binamu, nikalala huko siku chache. Niliporudi nilikuta uwanja mtupu na jirani analia. Ng'ombe wake walikuwa wamesukumwa kupita majani, kupita mashamba, hadi ndani ya mikoko, wamezama matopeni hadi tumboni, na bado kitu kilikuwa kinawasukuma. Tuliwavuta kwa kamba siku nzima. Hakuwa ameasi. Hakuna aliyekuwapo kumwambia basi.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma. Hodi ya adhuhuri ikija moja, uma ulimi wako, ungoje ya pili, hata ukionekana huna adabu. Na ikiwa umeshaitikia, umeshatoa kigoda, usidhani taabu iko katika kumpa mgeni jembe. Jembe atalipokea. Uliza kwanza nafsi yako kama uko tayari kukaa hapo hapo, miaka yote, uwe wewe wa kumwambia jua limepanda, aliweke chini.