Reli ya Hijazi na Simu ya Ami Khalfan

Nna siku moja ya ujana wangu, mwanangu Nasra, ambayo kila nikiikumbuka koo hunikauka. Imenirudia jana, uliponikunjulia ramani yako hapa sebuleni Mabela ukanionesha njia utakayopita na mumeo: Madina, kisha kaskazini jangwani, mkifuata tuta la reli ya zamani ya Hijazi, stesheni kwa stesheni mpaka Al-Ula. Gari mbili, maji ya ziada, mafuta ya akiba, kila kituo na saa yake. Nilikustaajabia, wallahi. Sisi hatukuwa na nusu ya akili hiyo. Lakini ulipomaliza ukashusha sauti ukasema, "Babu, usimwambie mtu. Watu wana jicho." Hapo ndipo uliponirudisha nyuma miaka arubaini.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nna kazi bandarini Matrah na Landkruza kuukuu niliyoipenda kuliko nafsi yangu. Mimi na rafiki yangu Suleiman, mtoto wa jirani, tukaazimia kwenda umra kwa gari, kisha tuifuate reli ile. Vyuma vyake vilikwisha ng'olewa zamani. Lililobaki ni tuta, na vijistesheni vya mawe visivyo na mtu. Nikamwambia Suleiman tuta halipotezi mtu. Na kwa kuwa kwetu safari haitangazwi, nikamwapisha asimwambie kiumbe. Unatujua watu wetu: mtu huhama nyumba, jirani akajua kwa kuona pazia limeondoka. Mama tulimwambia umra, basi.

Mtaani kwetu alikuwapo Ami Khalfan, mdogo wake marehemu baba. Alikulia bara, akafanya kazi ya reli huko Kenya mpaka akawa stesheni masta, ndipo akarudi Oman na watoto wake na filimbi yake. Mtu mpole, wa maneno machache. Alipita akatuona tunapakia madebe ya maji, akayatazama moja moja, akaniuliza Makka kumekauka tangu lini. Nikacheka. Akanitaka nimpigie simu kutoka Madina, nimwambie nnakokwenda na siku nitakayofika. Nikamjibu inshallah, ile inshallah yetu ya kumwondoa mtu mlangoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nusura nivunjike yote mawili.

Ibada tukaitimiza, alhamdulillah, tukatoka Madina asubuhi. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Siku ya pili, adhuhuri, tukafika mahali ambapo mafuriko ya zamani yamelikata tuta na daraja limezolewa. Nikateremka bondeni nilizunguke, mbio mbio kwa majivuno, jiwe likatoboa rejeta. Nikafanya kosa juu ya kosa: nikaziba tundu kwa sabuni, nikamimina humo maji yetu ya kunywa, debe baada ya debe, na mchanga ukayanywa yote. Gari haikwenda hata maili moja. Tukabaki na galoni moja, watu wawili, na jua lile la Hijazi. Nililia moyoni, kwa sababu nilijua hakuna kiumbe ajuaye tulipo, na aliyetaka hivyo ni mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tukajikokota mpaka kwenye stesheni iliyokuwa karibu, tukakaa kivulini. Siku ya tatu maji yalikuwa yamekwisha. Suleiman, midomo imempasuka, akaniambia huku ametazama chini:

"Unisamehe. Nimevunja kiapo. Kule Madina, ulipokwenda kutia petroli, nilimpigia Ami Khalfan. Nilimsomea stesheni zote, na siku na saa ya kufika Al-Ula."

Nilimkumbatia, mwanangu, nikamlilia begani. Mtu niliyemwapisha tufe kwa siri, yeye ndiye aliyetuachia mlango wazi. Alasiri ile ile gari ya polisi ikaja kando ya tuta kutoka Al-Ula. Walikuwa na karatasi yenye majina ya stesheni, wanazipekua moja baada ya moja. Kafara ya kile kiapo nilimtolea mimi, nikalisha maskini kumi, na sijapata kutoa kitu kwa furaha kama ile.

Tuliporudi nilitegemea kofi. Ami Khalfan alinimiminia kahawa, akanisogezea tende, akangoja ninywe.

"Treni haitolewi stesheni," akasema, "mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea. Wewe ulijitoa mwenyewe, na mbele hakuna anayekungoja."

Mengine nilielezwa na mkewe: kwamba siku zile Ami aliuvuta waya wa simu dirishani mpaka barazani, akakaa nayo. Yeye ambaye sijapata kumwona akikosa sala ya jamaa msikitini, alisali pale pale. Saa aliyosomewa ilipopita bila mlio, hakuona haya kumsumbua mtu. Alipiga simu Madina, akapiga Al-Ula, akapiga tena, kwa Kiarabu chake chenye lafdhi ya bara, mpaka wakamsikiliza. Yule mzee nampenda mpaka leo, Mungu amrehemu.

Basi nisikilize. Kujikinga na jicho ni haki yako, soma nyiradi zako, wala mtaa mzima haukuhusu. Lakini mfiche kila mtu isipokuwa mmoja. Mchague anayekupenda na asiyeona haya kugonga milango ya watu, umwachie karatasi: stesheni, siku, saa. Ukifika, mpigie. Ukitaka kubadili njia, mpigie kabla hujaibadili, si baada yake. Maji ya kunywa ni ya kunywa, hata gari ikifa. Funga ngamia wako kwanza, kisha tawakali.

Nenda, mwanangu, ukayaone niliyoyaona siku ile ya kwanza; ni mazuri kuliko nnavyoweza kukusimulia. Mwenyezi Mungu akutangulie mbele, akulinde nyuma, akurudishe kwetu na mumeo mkiwa mnacheka. Karatasi yako niachie hapa mezani. Msikiti u hatua thalathini kutoka mlangoni petu, na unajua siukosi. Lakini siku hizo imamu akiniulizia, mwambieni nipo nyumbani, nnasali kando ya simu.